Neno la Yaya Mlangoni

Yaya hakuingia katika nyumba mpya kama watu wengine. Alisimama kwanza nje, akatazama paa, akashusha macho polepole mpaka kwenye kizingiti, akaweka mkono wa kushoto shingoni na kuvuta pumzi ghafla, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi mgongoni. Ndipo akasema neno lake: "Unaimlihi." Alilisema kwa sauti isiyokuwa yake. Sauti ya Yaya ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kuita watoto kutoka mbali. Ile ilikuwa nyembamba, ya mwanamke mwingine kabisa, na ilikuwa inatoka kinywani mwa Yaya. Halafu mkono ukashuka, sauti yake ikarudi, akacheka: "Haya, nyumba yenu hiyo. Chai iko wapi?"

Nasema Yaya kwa sababu pale Walukuba, mjini Jinja, hatukumwita kwa jina lingine. Mimi nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mhindi. Nilisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza vizuri. Nina desturi ya kuandika mambo ya siku, lakini nikiyasoma tena huwa sina hakika kama yalikuwa hivyo au niliyapamba. Kwa hiyo hapa nitajaribu kutenga niliyoyaona na niliyoambiwa. Mahali nisipojua nitasema sijui.

Niliyoambiwa ni haya. Kabla ya vita vya kwanza, Yaya akiwa msichana mkubwa, alilea mtoto wa Mjerumani katika milima ya Usambara, juu ya Mombo. Waingereza walipokaribia, Wajerumani wale walihama. Mama wa nyumba, siku ya kuondoka, alimtazama Yaya usoni akamwambia hilo neno. Yaya hakuwa na shaka lilikuwa Kiswahili. Unaimiliki. Yaani nyumba, wewe sasa unaimiliki. Baadaye akaolewa na sajenti wa Kiafrika, mtu wa Mbale, akafuatana naye Uganda, sajenti akafa, miaka ikapita. Lakini nyumba anayo. Iko Usambara. Alipewa.

Mtu wa pwani labda angeuliza mbona neno limepinda. Sisi wa Uganda tunakivunja Kiswahili kila siku, asubuhi mpaka jioni, na askari wanakivunja zaidi. Hatukushangaa hata kidogo kwamba Mjerumani naye alikivunja kwa namna yake.

Yaya mwenyewe hakukivunja. Alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko mwalimu. Koplo mmoja wa polisi, mtu wa kaskazini, mrefu, mcheshi, alipopewa nyumba katika zile mpya za Walukuba alikuja mpaka barazani kwangu, ambapo Yaya alikuwa amekaa, akapiga saluti.

"Yaya! Wewe nakuja lini kwa nyumba yangu? Bibi yangu nasema hawezi lala kama Yaya hapana sema ile maneno."

"Nani anakuja, Afande? Wewe au mimi?"

"Wewe."

"Basi sema unakuja. Na maneno ni yale, si ile. Serikali imekupa bunduki, haikukupa ngeli?"

"Bunduki iko ofisini, Yaya. Ngeli nitauliza kesho kama iko stoo."

Watu walicheka, na Yaya pia. Alikwenda jioni ile ile. Nilikuwapo. Alisimama mbele ya nyumba ya koplo, na watoto waliokuwa wakipiga kelele wakanyamaza bila kuambiwa. Mbwa wa jirani akaondoka. Kwa haki, niseme kwamba mbwa yule alikuwa na desturi ya kuondoka saa hizo.

Nilimjua kwa sababu ya mapazia. Mara kwa mara alinunua kitambaa kwa Mhindi wangu, cheupe chenye maua madogo, akaniletea nishone. Vipimo alivitoa kichwani: urefu mkubwa kuliko dirisha lolote la Walukuba, na upana wa madirisha mawili ya kwetu. Mara ya kwanza nilimwambia amekosea.

"Yaya, hili litaburura chini mpaka kwa jirani."

"Si la hapa. Ni la chumba cha mtoto. Dirisha linaangalia bonde. Ukungu unaingia pale usipofunga."

Nikashona. Akayakunja, akayatia sandukuni. Chumbani kwake hakuwa na pazia hata moja, alining'iniza gunia. Hakupigilia msumari ukutani. Hakupanda hata mchicha. Wengine walisema ana dharau, anajiona Mzungu. Mimi sidhani. Alikaa kama mtu aliye kwenye stesheni, ambaye hawezi kuanza kupika kwa sababu gari linaweza kuingia. Na hilo ndilo lililonishangaza kwake: mwanamke aliyewakabidhi nusu ya mtaa nyumba zao, na wengine wa Bugembe na Wanyange, mwenyewe alilala miaka yote kama mgeni.

Aliijua ile nyumba ya Usambara kwa namna iliyonitia baridi. Alikuwa akikaa barazani, macho amefumba, ananitembeza. Unaingia, kulia kuna kabati ya vikombe, ubao wa tatu unalia, usiukanyage, mtoto ataamka. Halafu ngazi. Juu ya ngazi boriti, inama. Na kweli, chumbani kwake Walukuba, akienda kuchukua sukari pembeni, alikuwa anainama mahali ambapo hapakuwa na boriti. Akitoka nje aliinua mguu juu kwa kidato cha ngazi kisichokuwapo. Unaweza kusema ni miguu ya uzee. Nami nilisema hivyo. Ila siku moja, nikitoka kwake na sahani mkononi, nilijikuta nimeinua mguu wangu mimi, juu, kwa kidato kile kile, na nikasikia kama nimekikanyaga. Nilikuwa kijana mwenye miguu mizima. Niliweka sahani chini nikaenda zangu bila kuaga.

Kuhusu nyumba alizozisemea neno, nimewauliza watu kadiri nilivyoweza. Bibi wa koplo alisema tangu siku ile anasikia mchana, akiwa jikoni, mtu anapanga vikombe chumba cha mbele. Akienda, vikombe viko kama alivyoviacha. Anasema haogopi, amemzoea. Karani mmoja Mganda, nyumba ya jirani kabisa, hakusikia chochote, na aliniuliza kama sina kazi ya kufanya. Kalasinga mwenye karakana ya mbao alimwita Yaya kwa mzaha aje aisemee karakana. Baada ya hapo alihamisha meza yake ya kazi ikaangalia mlango, akasema ni kwa ajili ya mwanga. Labda ni mwanga. Mimi mwenyewe, nilipopata vyumba viwili, nilimwita Yaya naye akaja akasema neno. Nalala vizuri. Lakini nikirudi kutoka kazini na kufungua kufuli, mara nyingine nahisi kwamba nimemkatiza mtu.

Yaya hakuwa mtu wa kutisha, nisieleweke vibaya. Alipenda samaki wa kukaanga, aligombana na wauza ndizi, alidanganya waziwazi kwenye karata na akikamatwa alisema macho yamechoka. Alipowalea watoto wa Wahindi walimlilia akiondoka. Ila alikuwa na ile sauti ya pili, na haikutokea mlangoni tu. Alipombembeleza mtoto ilikuja yenyewe, na maneno ya Kijerumani ambayo alisema hajui maana yake. "Nayasema kama alivyoyasema Mama. Mtoto hataki maana, anataka sauti." Mke wa Mhindi wangu aliniambia mara moja kwamba alikuwa chumba cha pili akamsikia Yaya na mtoto, akafikiri bibi wa Kizungu ameingia nyumbani mwake. Alikuja akachungulia. Hakumwita tena kulea, na alisema wazi kwamba Yaya hakumkosea kitu.

Miguu ilipovimba, mwanawe wa kambo, mtoto wa yule sajenti, alikuja kumchukua. Anaitwa Mafabi, analima mahindi na ndizi kule Busiu, kwenye barabara ya Mbale na Tororo. Ni mtu mzima mwenye watoto wakubwa, na nimeona watu wengi wakiwatunza vibaya zaidi mama zao waliowazaa kuliko yeye alivyomtunza Yaya. Alimjengea chumba kando ya nyumba yake: matofali, bati, dirisha la vioo. Kila mtu akafikiri mambo yamekwisha.

Mimi ni mtu wa Mbale, mama yangu yuko huko. Nilipokwenda kumwona msimu wa mvua, Mafabi alinifuata mpaka nyumbani, kofia mkononi.

"Fundi, Mama hataki kuingia."

"Kuingia wapi?"

"Kwa chumba. Analala jikoni, kwa moshi, na mbuzi wawili. Anasema hawezi kuwa na nyumba mbili, atasahau moja. Kifua sasa kinapiga kelele kama gari la mchanga. Daktari wa Mbale anasema akimaliza mvua hii jikoni, hamalizi mvua nyingine. Mimi nimepiga magoti, Fundi. Yeye anasema, mwanangu, asante, lakini mimi nina nyumba."

"Nifanye nini?"

"Wewe anakusikia. Ile nyumba yake, ipo au haipo? Mimi nataka kujua tu. Kama ipo, namuuza ng'ombe nampeleka. Kama haipo, mwambie."

Sikujua. Lakini kulikuwa na padre mmoja katika misheni nje ya mji, Mzungu mzee, ambaye mama yangu alisema kwao ni milimani na wanasema Kijerumani, ingawa si Mjerumani. Mimi ni Mwislamu, nilijisikia vibaya kwenda pale bila sababu, basi nikajitolea kumshonea kanzu iliyochanika. Alikuwa amelala chini ya pikipiki yake. Nikamwambia neno, kama Yaya alivyolisema, na mkono shingoni, kwa sababu sikujua kulisema bila mkono.

Padre akatoka chini ya pikipiki.

"Nani amekufundisha?"

Nikamweleza. Kwamba maana yake ni unaimiliki. Akacheka sana, mpaka akajifuta macho na kitambaa chenye grisi. Halafu hakucheka tena. Akakaa juu ya ndoo, akanieleza, na nimeandika kadiri nilivyofahamu. Kuna neno "haim", maana yake nyumbani. Ukiliongezea mkia linakuwa "haimlihi", yaani ya nyumbani, ya watu wa ndani, ya kutuliza moyo, kama kukaa karibu na moto na watu wako.

"Sasa, fundi, kitu cha ndani, jirani anakiona?"

"Hakioni."

"Hakioni. Basi pole pole, zamani, neno lile lile likaanza kuwa na maana ya siri. Ya kujificha. Mtu akifanya jambo haimlihi, amefanya kichinichini. Unaona? Neno moja, nyumbani na siri."

"Na 'un'?"

"Ni si. Kukataa."

"Kwa hiyo ni si ya nyumbani. Au ni si ya siri?"

Padre alikuna kichwa. "Umeniuliza swali gumu kuliko askofu. Vijana wa kwetu siku hizi wanalitumia hovyo, kama nyinyi mnavyosema sana, sana mno. Lakini bibi yangu, mzaa mama, alilitumia kwa jambo moja. Tulikuwa na banda la ng'ombe juu mlimani. Majira ya baridi ng'ombe wanashuka, banda linabaki tupu. Ukipita pale, ulipocheza tangu utotoni, nywele zinasimama. Si kwamba kuna simba. Ni banda lile lile. Hilo ndilo analosema bibi."

Njiani nilijaribu kulitafutia Kiswahili. La kutisha? Hapana, fisi anatisha na hana neno hilo. La ajabu? La mizimu? Nilichokipata, na sijui kama ni sawa, ni kwamba ni mahali ulipopazoea pakakugeuka. Pangekuwa pageni usingeogopa.

Nilifika Busiu mchana, mvua imekatika kidogo. Yaya alikuwa jikoni, amejifunika kanga, mbuzi mmoja ameegemea miguu yake. Alikuwa amekonda, lakini aliponiona alisema, "Fundi, hiyo suruali umejishonea mwenyewe? Usimwambie mtu." Kisha kikohozi kikamshika mpaka mbuzi akahama.

Mafabi alisimama mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yote yalinipotea. Nikasema tu: Yaya, lile neno si Kiswahili. Nikamweleza nyumbani, na siri, na si, na banda la ng'ombe. Nilisema polepole. Sikuongeza wala kupunguza, ila sikusema kwamba padre alicheka.

Hakulia. Alichezea ncha ya kanga. Halafu akauliza:

"Huyo padre anasema ni neno la nyumba tu? Au hata mtu anaambiwa?"

"Sikumuuliza, Yaya."

"Kwa sababu Mama hakuwa anaiangalia nyumba."

Ndipo akasimulia siku ile yote, ambayo miaka yote alikuwa akisimulia mwisho wake tu. Wale Wajerumani walikuwa wameshaondoka. Mama na mtoto walibebwa kushuka mlima tangu asubuhi, Yaya akaachwa afunge milango. Ukungu ukaingia. Alisikia baridi, akajitanda shali ya Mama iliyosahauliwa. Akakaa kwenye kiti cha Mama dirishani, kwa kuwa miguu ilimuuma na hapakuwa na mtu. Kitanda cha mtoto kilikuwa tupu. Akaanza kukitikisa kwa mguu, kwa mazoea, akaimba na kusema yale maneno ya kubembeleza, kwa sauti ile.

"Nikageuka, Mama yuko mlangoni. Alirudi kuchukua viatu vya mtoto. Amesimama, mkono hapa." Akagusa shingo. "Mimi nikafikiri atanipiga kwa ajili ya shali. Hakunipiga. Alisema hilo neno, polepole, ananitazama. Akarudi nyuma, Fundi. Alishuka ngazi kinyumenyume. Hakuchukua hata viatu."

Moto uliingia chini ya jivu. Mafabi alikuwa amevua kofia.

"Mimi nikasema moyoni, amenipa. Amenikuta nimekaa vizuri kiasi kile, akaona haya, akanipa." Akanitazama. "Nyumba ilikuwa ile ile, Fundi. Viti vile vile. Aliyemtisha ni nani?"

Nikasukuma ukuni motoni.

"Na watu niliowasemea? Koplo? Wewe?"

"Wengi wanalala vizuri, Yaya." Nilisema wengi kwa sababu ndiyo kweli.

Akajiinamia. Mvua ilianza tena juu ya bati, matone makubwa. Nilidhani nimemuua. Mafabi naye nadhani aliona hivyo, maana alinikunjia uso kama si yeye aliyenituma. Halafu Yaya akanyoosha mkono. "Niinueni."

Tukamwinua, mmoja huku, mwingine huku. Akatembea uani kwa miguu yake iliyovimba, mvuani, mpaka mbele ya kile chumba alichokataa. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Ndani giza kidogo, hapana mtu. Watoto wa Mafabi walikuwa shambani na mkewe sokoni. Akatusukuma. "Rudini nyuma. Nyuma zaidi." Tukarudi mpaka chini ya upenu wa jikoni, mimi upande huu wa nguzo, Mafabi upande ule.

Hakutazama paa. Hakuweka mkono shingoni. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyekuja kuomba chumvi, akasema kwa sauti yake mwenyewe, nzito, ya kikohozi:

"Hodi."

Mvua tu.

"Hodi."

Mafabi akanong'ona, "Anamwita nani?" Mimi nikaona jambo ambalo yeye hakuliona. Mtu akipiga hodi ya tatu asijibiwe, anaondoka. Ndiyo adabu, na Yaya alikuwa mtu wa adabu. Nilitaka kumwambia Mafabi, itika, wewe ndiye mwenye nyumba, itika upesi, lakini sikuwahi.

"Hodi hapa," akasema Yaya mara ya tatu.

"Karibu."

Ilikuwa sauti ya kawaida, wala si kubwa. Yaya akasema ahsante, akavua viatu akaviacha nje, akaingia, na tukasikia kitanda kikipokea uzito wake.

Nilipumua, nikamshika Mafabi begani. "Umefanya vizuri kuitika," nikamwambia.

Alikuwa ananitazama, mvua inamtiririka usoni. "Mimi?" akasema. "Si wewe?"